Usiitikie Jina Lisilo Lako

"Nguo zote zimeingia?"

"Zimeingia. Begi ndilo limegoma kufungika, nimelikalia kama kuku anaatamia."

"Likalie vizuri. Jumapili saa nane mchana nipo uwanja wa ndege. Nimeshaazima shati."

"Umeazima shati, Fundi Saa? Mwanamume mzima?"

"Langu lina doa la mafuta ya saa. Unataka mama yako anione nina doa, aseme mwanangu kamngoja huyu miaka sita bure?"

Sindano akacheka mpaka begi likatikisika. Alikuwa amekaa sakafuni, simu ameiegemeza kwenye kioo, uso wa mchumba wake umejaa pale. Siku tatu tu zilibaki.

Hapo sauti ikapita ukutani kutoka sebuleni, nyembamba, tamu:

"Kito! Kito mwanangu, mumeo amefika!"

"Abee, mama! Nakuja!"

Mdomo ulijibu wenyewe, kama jicho linavyofumba vumbi likija. Alipotazama tena simu, uso wa Fundi Saa ulikuwa umeganda. Akadhani mtandao umekatika.

"Haloo? Unanisikia?"

"Nakusikia. Mumeo nani?"

"Aah, nilikwambia. Bi Mkubwa kumbukumbu zimemtoka, ananiita jina la binti yake marehemu."

"Uliniambia binti. Hukuniambia binti ana mume, na mume yuko hai."

"Anakuja Alhamisi tu. Anakunywa chai, anaondoka."

"Na hiyo pete kidoleni?"

Sindano akautazama mkono wake wa kushoto kama wa jirani.

"Naivaa Alhamisi tu, bibi afurahi."

"Juzi nilikuona nayo," Fundi Saa alisema taratibu. "Juzi ilikuwa Jumanne."

Akakata simu. Sindano akabaki anatazamana na uso wake mwenyewe kwenye kioo, na kwa kitambo kidogo, kifupi kuliko pumzi, hakuutambua.

Wanangu, mambo haya hayakuanza kwa uchawi. Yalianza kwa adabu.

Sindano aliitwa hivyo tangu mdogo kwa wembamba wake, na alipokua akawa fundi cherehani, basi jina likamkaa kama alilipimiwa. Alikwenda ng'ambo kwa mkataba wa miaka miwili, ukaongezwa mpaka ikawa sita, kumtunza bibi mmoja aliyefiwa na binti yake wa pekee miezi mitatu kabla. Walimpa chumba cha marehemu. Kitanda cha marehemu. Kabati lilikuwa bado na nguo zake, na chanuo lilikuwa bado na nywele.

Asubuhi ya kwanza Bi Mkubwa aliita kutoka mlango wa jikoni, kikombe cha chai mkononi, "Kito!" Nyumba kimya. Akaita tena. Mara ya tatu sauti ilianza kupasuka. Sindano alikuwa mtoto aliyelelewa. Kwao mtu mzima haiti mara tatu pasipo kujibiwa.

"Abee, mama," akaitika.

Ni hilo tu. Abee moja.

Mama yake alikuwa amemwonya siku ya safari: ukisikia unaitwa na usiyemwona, usiitike. Hakumwonya kuhusu kuitwa jina la mtu mwingine na mtu unayemwona, anayekutazama machoni, ameshika kikombe chako cha chai. Nani angefikiria?

Baada ya hapo ikawa ngazi, kidato kwa kidato. Bi Mkubwa akasema, "Mbona unavaa vitambaa hivi, nguo zako zimejaa kabatini?" Sindano akazibana zile nguo, vidole viwili kila upande. Kliniki wakataka sahihi ya mtoto wa mgonjwa. Mkwe wa Bi Mkubwa akamwambia, "Saini tu kama alivyosaini yeye, bibi apate dawa zake." Akaiga ile sahihi, herufi ya kwanza ina mkia mrefu. Mwezi baada ya mwezi aliisaini mpaka mkono ukaizoea. Mwaka wa nne akafumua zile nguo alizozibana. Mwaka wa sita zilimkaa kama zilivyoshonwa. Alikuwa hapendi sukari. Sasa anatia vijiko viwili, na hakumbuki alianza lini.

Na kila Alhamisi mkwe alikuja. Alikuwa na duka la dawa pale kona, watu wote wakimwita Mfamasia. Mpole, kucha safi, anaongea kama anapima vidonge.

Alhamisi hiyo, baada ya simu kukatwa, walikaa watatu, kama kawaida.

"Mkwe, mwambie mkeo apunguze kushona, atapofuka."

"Nimemwambia, mama. Hasikii."

"Tangu mdogo hasikii! Hata kunyonya alinyonya kwa ubishi."

Wakacheka. Sindano naye akacheka, kama mtu anayekumbushwa utoto wake.

Bi Mkubwa alipokwenda jikoni kuongeza maji ya moto, Sindano akangoja neno la kila wiki. Siku zote bibi akitoka, Mfamasia huinamisha kichwa akasema, "Samahani, dada, tunakuchosha." Siku hiyo hakulisema. Akakoroga chai yake.

"Kito, lile begi chumbani la nani?"

"Bi Mkubwa katoka. Niite jina langu."

"La nani?"

"Langu. Nasafiri Jumapili, unajua tangu mwezi jana."

"Kwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na hapa ni wapi?"

Sindano akakizungusha kikombe chake. Mfamasia akasogeza kiti.

"Wewe nikikohoa unajua nimekohoa kwa baridi au kwa hasira. Huyo fundi wako anajua nini? Anamjua msichana aliyepanda ndege miaka sita iliyopita."

"Ni mchumba wangu."

"Ni mchumba wa yule msichana," alisema kwa upole wake ule ule. "Wewe una mume."

Sasa hapa nisiwafiche. Sindano alipaswa kuinuka. Hakuinuka. Aibu yake, ambayo alimficha hata mama yake mzazi, ni kwamba moyo ulimruka kwa furaha. Kuna kitu ndani yake kilisema, ndiyo, mume wangu huyu. Na sauti iliyosema haikuwa yake.

Jioni ikaingia meseji ya Fundi Saa.

"Nimefunga kibanda mapema. Saa za watu zote zinakwenda, yangu ndiyo imesimama. Niambie kweli moja. Unampenda?"

Sindano akaandika, akafuta. Akaandika tena, akatuma.

"Sijui ni nani kati yetu anayempenda."

"Kati yenu wewe na nani?"

Akaiweka simu kifudifudi. Alikuwa ameisoma meseji yake mwenyewe. Simu ikalia tena.

"Sindano, njoo nyumbani. Hata kama ni kuja kuniambia hunitaki. Ila uje wewe mwenyewe, usimtume mtu."

Ijumaa asubuhi akaenda ofisi ya uhamiaji kuchukua kibali cha kuondoka. Nchi ile huondoki hivi hivi, lazima wakufute kwanza. Ofisa alikuwa kijana wa miwani, anatafuna kalamu. Akaipokea pasipoti, akabonyeza mashine yake, akabonyeza tena.

"Dada, hii pasipoti umeipata wapi?"

"Ni yangu."

"Mwenye pasipoti hii aliondoka."

"Aliondoka wapi?"

"Nchini. Miaka miwili na miezi minne iliyopita. Mdhamini wake, mwenye duka la dawa, alirudisha kibali cha kazi na barua. 'Mfanyakazi huyu amekwenda kwao, hatarudi.' Hii hapa."

"Kaka yangu, mimi huyu hapa nimesimama. Nitaondokaje na nipo?"

"Ndiyo nakuuliza. Unakaa wapi?"

Akamtajia nyumba. Ofisa akabonyeza.

"Nyumba hiyo wanaishi wanawake wawili. Mama mtu mzima, na binti yake. Binti alibadilisha kitambulisho mwaka jana." Akageuza mashine. "Huyu ni nani?"

Ilikuwa picha ya Sindano. Gauni la bluu la marehemu, nywele zimesukwa kama za marehemu. Akakumbuka siku ile. Mfamasia alimpeleka studio, akamwambia ni picha za kibali chake cha kazi, akamletea fomu asaini, na mkono ukasaini ulivyozoea. Chini ya picha lilikuwepo jina la mtu aliyezikwa.

"Huyo ni mimi," alisema.

"Basi wewe ndiye binti wa nyumba."

"Hapana! Binti wa nyumba alikufa."

"Hapa hajafa. Hakuna aliyeleta taarifa ya kifo. Aliyekufa yu hai, aliyepo ameondoka." Akaivuta pasipoti upande wake. "Dada, kamlete mtu mmoja wa kusema wewe ni nani. Vinginevyo Jumapili huendi popote. Huwezi kuondoka mara mbili."

Alitembea mpaka duka la dawa bila kuona magari. Mfamasia alikuwa anahesabu vidonge vya mzee mmoja. Akamaliza, akamwambia mzee, "Kutwa mara tatu, baada ya kula," akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akageuka.

"Umechelewa kula, Kito. Uso umekupauka."

"Uliandika barua kwamba nimeondoka."

"Niliandika."

"Kwa nini? Nilikukosea nini mimi?"

"Hukunikosea. Niliandika nilichokiona." Akapangusa meza. "Siku hiyo niliingia nikakukuta dirishani unashona. Hukuinua kichwa. Ukasema, 'Leo nako umechelewa, ungekuja kesho basi.' Maneno yake yale yale. Nikajua mgeni ameondoka, mwenye nyumba amerudi."

"Mkeo alikufa. Ulimzika!"

"Nilizika jeneza. Mwezi wa nne nikasikia anaitika chumbani kwake. Ungekuwa wewe, ungeamini lipi?"

Aliyasema kwa utulivu kiasi kwamba Sindano alitamani amfokee. Hasira angeiweza. Upole ule ulikuwa unamvuta kama usingizi. Akashika ukingo wa meza.

"Unanipenda?"

"Kuliko uhai."

"Basi niite jina langu. Siyo la utani, hata hilo la kwenye barua ulilolifuta. Liite mara moja tu unitazame machoni, na mimi nitashusha begi, nitabaki."

Mfamasia akafungua mdomo. Akaufunga. Mikono iliyohesabu vidonge pasipo kukosea ikaanza kupanga chupa zilizokwisha pangwa. Akajaribu tena, midomo ikachezacheza, macho yakamjaa machozi.

"Kito," akasema.

Sindano akavua pete, akaiweka kwenye mizani ya dawa. Kisahani kikashuka kidogo.

"Shemeji," akamwambia, "pole kwa msiba."

Na akaondoka. Wanangu, miaka sita hakuna mtu aliyempa yule mwanamume pole. Walikuwa wanampa chai.

Nyumbani alijitupa juu ya begi lake akalia kwa sauti. Bi Mkubwa akaingia bila kugonga, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Wamekukatalia."

"Ndiyo, mama."

"Mkwe?"

"Ndiye."

Bi Mkubwa akanyoosha shuka, akalinyoosha tena pale pale.

"Sindano," akasema.

Kilio kikakatika. Katika miaka yote ile jina hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile.

"Unalijua jina langu?"

"Tangu siku uliyofika. Mwanangu nilimwosha kwa mikono hii. Unadhani mama anasahau mwili aliouosha?"

"Kumbe kumbukumbu..."

"Kumbukumbu ninazo. Ningekuwa sina ningepumzika." Sauti yake ilikuwa kavu, imezeeka ghafla, utamu wote umeisha. "Asubuhi ile niliita kwa uchungu tu, kama mtu anavyopiga kelele kwenye shimo. Sikutegemea kujibiwa. Wewe ukajibu. Nikasema, leo tu, kesho nitaacha. Kesho yake nikaita tena."

Sindano akasimama. Adabu zote zikamtoka.

"Miaka sita, mama! Nimevaa nguo zake, nimelala alipolala, nimekaa na mumewe! Mimi nina mama yangu. Naye anaita huko nyumbani, na hakuna anayemwitikia!"

Bi Mkubwa akapokea maneno yale kama mtu anayepokea kofi aliloliomba. Hakujitetea. Akainuka, akasema:

"Nipe viatu vyangu. Twende nikaseme."

Ofisa wa miwani akawapa viti. Bi Mkubwa hakukaa.

"Huyu si mwanangu. Huyu ni mfanyakazi wangu, fundi cherehani, ana kwao. Mwanangu amekufa."

"Sema kwa sauti, mama, naandika."

"Amekufa."

"Mwaka huu?"

"Miaka sita na miezi. Mwanangu amekufa."

"Sasa mama, miaka sita! Kwa nini hamkuleta taarifa?"

Bi Mkubwa akamtazama kijana wa watu.

"Kwa sababu alikuwa anaitika," akasema.

Kalamu ikamdondoka ofisa. Akaiokota, akaandika.

Kuondoshwa kwenye karatasi ni barua moja. Kurudishwa ili uondoke tena kulichukua wiki mbili, na Mfamasia akaitwa kujieleza. Fundi Saa akatumiwa meseji moja tu: "Siji Jumapili. Kwanza nafufuliwa. Nitakueleza." Akajibu: "Shati nimeongeza siku."

Siku ya safari, gari likiwa mlangoni, Bi Mkubwa alimshika mikono.

"Nikikuita, usigeuke."

"Basi usiite, mama."

"Nitaita tu. Najijua. Ndiyo nakuomba, usigeuke."

Sindano akapanda nyuma. Gari lilipokata kona akasikia, nyembamba, tamu, kama asubuhi ya kwanza:

"Kito! Kito mwanangu!"

Neno likapanda likafika kwenye meno. Akaung'ata ulimi mpaka akaonja damu. Dereva akamtazama kwenye kioo.

"Wanakuita, dada."

"Siyo mimi," akasema. "Endesha."

Ndege ilipopaa alitazama nyumba za watu zikiwa ndogo, barabara zikiwa nyuzi. Wengine wakiondoka nchi ya watu hulilia walichokiacha. Yeye alikuwa anajipapasa, kama mtu aliyeshuka kwenye gari la watu wengi akashtukia mfuko mwepesi. Viganja vyake. Mabega yake. Nani huyu anakwenda? Mhudumu akamletea chai, akauliza sukari. Alikaa kimya muda mrefu mno kwa swali dogo vile.

"Usitie," akasema. Akanywa. Ilikuwa chungu, na hakuipenda, na aliimaliza yote.

Uwanjani Fundi Saa alikuwa amesimama mbele ya watu, shati la kuazima linambana mabega, mama yake Sindano pembeni.

"Sindano!"

Akapita.

"Sindano! Mama wee, huyu hatuoni?"

Akapita hatua mbili tatu, anasukuma begi, anatazama mbele kama mtu anayetafuta wenyeji wake. Fundi Saa alimkimbilia, akasimama mbele ya begi, akainama usawa wa macho yake.

"Nimekuita mara mbili."

Sindano akamtazama. Akaliachia begi.

"Nilisikia," akasema. "Nilidhani anaitwa mtu mwingine."

Yule mwanamume alikuwa na maswali ya miaka sita mdomoni. Aliyameza yote, yakashuka kama mfupa.

"Haya," akasema. "Nitaita mpaka ukinai. Twende, mama anangoja."

Sindano akamweleza kila kitu, siku kwa siku, hata lile la moyo kuruka. Fundi Saa alinuna juma zima, hakupiga hata simu. Juma la pili akaja na viatu mkononi, mvua ilikuwa imenyesha, akasema, "Nimekasirika mpaka nimechoka. Tufunge ndoa."

Wenye mabinti wanaosafiri, mnawaaga na mablanketi na dawa za tumbo. Waambieni na hili. Kazi ya watu ifanye. Mfiwa wa watu mhurumie, mpe maji, lia naye. Lakini akikuita jina la marehemu wake, mwambie pale pale, kwa adabu, "Mama, mimi siye." Ataumia siku moja. Usiposema, mtaumia wote, na kupona hakuna tarehe.

Ofisi ya msajili wa ndoa ilijaa watu. Msajili, mama mnene mwenye miwani ya kamba, akasukuma fomu.

"Bibi harusi, sahihi hapa."

Sindano akashika kalamu. Mkono ukaenda mbio, mwepesi, unajua njia. Herufi ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu.

Akaiona alipomaliza. Akaiachia kalamu. Fundi Saa naye aliiona. Hakushtuka, wala hakumtazama usoni. Alichukua kalamu ya wino, akaitikisa juu ya fomu mpaka likaanguka doa.

"Msajili, hii imeharibika. Tupe nyingine."

"Umeiharibu wewe!"

"Basi nisamehe mimi, utupe nyingine."

Ya pili ikaja. Mkono ukaenda tena wenyewe, mkia ukatoka tena. Doa likaanguka tena. Nyuma kwenye benchi mama yake Sindano alikuwa amefumba macho, anaomba.

"Bwana harusi, hizi fomu hazioti shambani!"

"Mama yangu, mimi nimengoja miaka sita. Wewe kweli unashindwa kungoja karatasi tatu?"

Watu wakacheka. Msajili akaguna, akatoa ya tatu, akaipiga mezani.

Safari hii Sindano aliihamishia kalamu mkono wa kushoto, mkono ambao haukufundishwa sahihi ile. Akainama. Akaandika herufi moja, akapumzika. Akaandika ya pili. Jina lake alilopewa na mama yake, lote, limepinda, linapanda mlima linashuka, kama la mtoto wa darasa la kwanza.

Msajili akalisoma kwa sauti, akainua uso.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Msajili akapiga muhuri.